Sarafu Kumi na Moja Zilizochunwa

Kampemba, Lubumbashi, Novemba 1993

Mama Bénédicte, nakusalimu kwa heshima na ninakuomba msaada kama wengine wanaokuandikia, ila kwanza nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana mimi ni mtu wa aibu na hii ni barua ya nne, tatu za kwanza nimezichana. Majina yote nimeyabadilisha, hata la mwalimu wangu, ambaye hapa nitamwita Maître Stanislas.

Nina miaka kumi na minane na nimemaliza shule mwaka huu, sehemu ya Kilatini, na miaka yote hiyo nadhani sikuinua mkono darasani zaidi ya mara tatu, kwa sababu sauti yangu ikitoka wenzangu hugeuka kutazama na mimi husahau nilichotaka kusema. Maître Stanislas aliliona hilo, akanionea huruma kwa njia yake. Alikuwa na kopo la biskuti ambalo padri mmoja Mbelgiji alimwachia alipoondoka baada ya askari kupora mji mwaka 1991, na ndani yake kulikuwa na sarafu ishirini na nne za Warumi wa kale, ndogo kuliko kifuniko cha chupa ya bia, nyingine za kijani, nyingine nyeusi, nyingine za kijivu. Siku moja akaniwekea moja mkononi akaniambia nisome herufi zilizozunguka kichwa cha Kaisari, polepole, moja moja, kwa kuwa herufi moja moja haimtii mtu aibu. Nikasoma GALLIENVS AVG, na nyuma FIDES MILITVM, na alipouliza maana yake nikasema, uaminifu wa askari, darasa zima likacheka, lakini safari hii hawakunicheka mimi, kila mmoja alikuwa anakumbuka madirisha yaliyovunjwa ya duka la baba yake au la jirani yake. Maître akatuambia kwamba Kaisari huyo aliuawa na watu wa jeshi lake mwenyewe. Tangu siku hiyo, Mama, sikuweza tena kufikiri jambo jingine vizuri.

Mwezi wa tatu mwaka huu Maître na familia yake walikuwa kwenye kituo cha treni pamoja na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa kwenye nyumba zao, wakilala juu ya saruji wiki baada ya wiki wakingoja behewa. Papa, baba yangu, alikuwa ametukataza kwenda kule, alisema anayewasalimu ataandikwa jina afukuzwe nao, lakini nilimwambia mama nakwenda kuchota maji na nikaenda kweli na bidoni la maji, nikampelekea Maître. Akanitoa pembeni, akanipa kopo, kwa sababu pale kituoni vitu vilikuwa vinanyang'anywa mikononi mwa watu. Akasema, "Uzichunge vile ziko. Vile ziko, unasikia?" Nikamwambia ndiyo, Maître. Nililificha kopo chini ya makaa ndani ya gunia, nikarudi nyumbani nalo kichwani.

Mama, nilipozifikisha nyumbani ndipo mambo yalipozidi. Kila alasiri nilizitoa, nikaweka karatasi ya daftari juu ya kila sarafu na kusugua kwa penseli mpaka sura ikatokea, nikaandika chini yake kila herufi niliyoweza kuisoma. Jumatano nilikwenda kwa mapadri, wana kamusi kubwa za zamani, nikanakili orodha ya Makaisari wote na miaka yao. Nikagundua kwamba ishirini kati ya sarafu zetu ni za miaka isiyozidi thelathini, miaka ambayo Roma ilikuwa inavunjika, Kaisari anawekwa leo na mwakani ameuawa, na fedha inapungua ndani ya sarafu mpaka inabaki jina. Nilisoma hayo wakati sisi wenyewe tunapewa noti mpya na mama anawashia mbabula, jiko letu la makaa, kwa zile za zamani. Nilihisi kama watu wale ni jirani zangu. Kaka yangu Symphorien ananicheka, husema, "Peleka uyu mufalme kwa mama wa bunga, tuone kama atakupimia." Sijali kwamba hazinunui unga. Nimeamua, hata nikiwa nauza mikate sokoni maisha yangu yote, nitakuwa mtu anayezijua sarafu hizi kuliko yeyote katika mji huu.

Sasa ndio kosa lenyewe. Mwezi wa nane nilitaka kusoma herufi zilizofunikwa na ile kijani, na pia niliwaza Maître atafurahi nikimrudishia sarafu zangu zikiwa safi, nikamwonyesha papa. Papa alifanya kazi ya tanuru miaka thelathini, na babu yangu alikuja kutoka Katanga ya kaskazini kwa kazi hiyo hiyo, na sasa ni mwaka na nusu hakuna mshahara na tanuru limelala. Papa hukaa kwenye kiti akitazama ukuta. Nilipompa sarafu akaipima kiganjani, akanusa, akasimama. Akaniambia mimi, maana huniita mama, "Mukuba haifichake, mama. Inafichwa tu na bulongo. Lete ndimu." Kwetu bulongo ni udongo, na mukuba, yaani shaba, ikiwa kijani ni jiwe bado, haijaiva, na ikiwa nyekundu ndiyo yenyewe. Basi tukafanya kama tunavyofanya kila Jumamosi kwa zile picha za shaba za ukutani, ndimu, majivu, kitambaa kigumu, papa anaimba wimbo wa kazini ambao sikuwa nimeusikia tangu nikiwa mdogo, na nyekundu ikatoka kama jua. Jumamosi ya kwanza tano, ya pili sita. Mama alisema hajamwona papa hivyo tangu tanuru lifungwe. Nilikuwa na furaha kubwa, Mama Bénédicte, nakuambia ukweli.

Katikati ya mji kuna Mgiriki mmoja mzee aliyekuwa na duka la vitambaa, naye anafunga kila kitu aondoke kupitia mpaka wa Mokambo aende Zambia. Nilisikia kwamba ana sarafu za kale, nikajilazimisha kwenda, nikamsaidia kuandika orodha ya masanduku yake siku tatu nzima ndipo nikapata ujasiri wa kumwonyesha tatu kati ya zile nyekundu. Alivaa miwani, akazigeuza. Kisha akaniuliza, "Nani alichuna hizi?" Akaleta yake moja, ya kijivu na kijani, akanionyesha kwa kioo cha kukuzia utando mwembamba wa fedha uliobaki kwenye mikunjo ya nguo ya Kaisari. Akanieleza kwamba Warumi walipoishiwa fedha walitengeneza sarafu za shaba wakazipaka fedha juu, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na ile kijani ya miaka elfu na mia saba ndiyo iliyokuwa inailinda. Kwa hiyo, Mama, tulichokuwa tunakisugua na papa hakikuwa uchafu. Sisi watu wa shaba tuliona shaba tukashangilia, kumbe tulikuwa tunaitupa fedha kwenye beseni. Mgiriki hakunigombeza. Alinipa ile sarafu yake iwe malipo ya siku tatu, akasema, hii usiioshe. Ndiyo pekee iliyo yangu.

Wiki iliyopita alikuja kwetu Émile, anayefanya kazi kwenye treni, na barua ya Maître. Yuko Mwene-Ditu, huko Kasai, anafundisha kwenye ukumbi wa parokia, ameandika: "Watoto hapa hawana hata kitabu kimoja. Wakimshika Gallienus mkononi watajua kwamba siwatungii hadithi." Anaomba nimpe Émile kopo, atakaporudi huko mwisho wa mwezi. Gallienus ndiye wa kwanza tuliyemsafisha. Pua yake haionekani tena.

Nilimweleza papa alichosema Mgiriki, akarudi kwenye kiti chake, na siku ya tatu akasema bila kunitazama, "Andika kama zilibebwa. Kila kitu ilibebwa. Nani atabisha?" Yaani nimwambie Maître kwamba ziliibwa. Mama anasema nipeleke tu bila maneno, Maître ataona zinang'aa atafurahi. Symphorien anasema tuzizike kwenye udongo wenye chumvi, wiki mbili zitakuwa kijani tena. Mimi sitaki kusema uongo, lakini nikisema kweli nitakuwa nimempoteza mtu pekee aliyewahi kuniambia kwamba najua kitu, na nitakuwa nimemwaibisha papa kwa mtu mwingine. Na nikizituma nitabaki na nini? Naomba uniambie nifanye nini, nitafanya.

Msichana wa Kampemba

*

Binti yangu wa Kampemba,

Nimekusoma mpaka mwisho. Nimekukasirikia kidogo, na nitakuambia wapi. Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine kwa sababu treni haitamngoja mshauri.

Kwanza tuondoe lile lisilonikasirisha. Mimi pia nimezaliwa katika kambi ya wafanyakazi. Ukutani kwetu palikuwa na picha ya shaba iliyogongwa, ndege amesimama juu ya tawi, na kila Jumamosi mama yangu aliisugua kwa ndimu na majivu kama wewe, kwa bidii ile ile, kwa upendo ule ule. Nilipoolewa nikapewa picha hiyo. Ndege hana jicho, na tawi utalijua ukiambiwa. Tumelelewa hivyo, tunadhani kila kilichofunikwa kinangoja mkono wetu. Kosa la Jumamosi zile mbili lilitoka kwenye mapenzi na kwenye kazi ya baba yako, na mtu mwenye akili atalisamehe.

Ila Maître alikuambia "vile ziko", akalisema mara mbili, na wewe ukajibu ndiyo. Hilo ni lako, si la ndimu wala la papa. Libebe wewe.

Sasa hasira yangu. Umeniuliza swali moja na kuficha jingine chini yake, kama ulivyoficha kopo chini ya makaa. Mwanzoni sarafu ni za Maître. Mkifika nyumbani ni "sarafu zetu". Mnapoleta ndimu ni "sarafu zangu". Na mwishoni unaniuliza, nikizituma nitabaki na nini. Unaogopa Maître atakasirika, nakubali, lakini unaogopa zaidi kwamba hatakasirika, atapokea kopo lake, na alasiri zako zitakuwa tupu. Ndiyo maana neno la baba yako halikukutoka kichwani. Zilibebwa: hakuna aibu, na zile kumi na tatu ambazo hamjazichuna zinabaki chini ya kitanda chako. Usinikatalie. Umeniandikia barua nne ili mtu akuambie hivyo.

Hebu fikiri huo uongo utamfikia nani. Mtu huyu nyumba yake ilibebwa, na vitanda vyake, na kazi yake, akalala kwenye saruji na watoto wake. Katika Lubumbashi nzima kimebaki kitu kimoja anachojua kwamba hakikubebwa. Ukimwandikia zilibebwa, wewe ndiye utakayekuwa umembebea cha mwisho. Na utakuwa umewatwika vijana wa mtaa wenu, waliowafukuza jirani zao, wizi ambao hawakuufanya. Waliyoyafanya yanawatosha.

Shauri la mama yako nalo ni uongo, umevaa tu nguo safi. Siku moja Maître atasimama mbele ya watoto na sarafu nyekundu mkononi, mtoto atauliza mbona hii ni mpya. Aliitaka imsaidie kuwaonyesha kwamba hawatungii hadithi. Usimpelekee kitu kitakachomfanya aonekane mwongo. Kuhusu Symphorien na chumvi yake, mwambie akatie chumvi samaki.

Utafanya hivi, na utaanza leo.

Usiziguse tena kwa maji, mafuta wala kitambaa, hata zile mbaya zilizokwisha kuchunwa. Zifunge kila moja peke yake katika karatasi kavu, ziwe na namba, na juu ya kila karatasi andika jina la Kaisari na neno moja: imesafishwa, au haijasafishwa. Lile daftari ulilosugulia penseli, ulilifanya kabla ya ndimu, sivyo? Basi pua ya Gallienus ipo, iko kwenye karatasi yako. Nakili daftari zima kwa mkono, kurasa zote, kisha la kwanza lipeleke pamoja na kopo. Nakala ni yako. Hapo nimejibu swali lako la pili. Kopo ni la Maître, lakini kuzijua hakuna aliyekukataza, na hakuna treni itakayokuondolea. Endelea kwenda kwa mapadri kila Jumatano. Mtu aliyeamua kama wewe hasimami kwa sababu ya kopo la biskuti.

Ile ya Mgiriki usimpelekee Maître kama fidia. Najua umeliwaza hilo. Sarafu moja haizibi nafasi ya kumi na moja, na uliipata kwa siku tatu za jasho. Mtu asiye na chake huvitazama vya wenzake kwa njaa. Kaa nayo, iwe kijani, na ikuzuie mkono kila unapoona kitu kizuri ambacho hukijui bado.

Sasa baba yako, na hapa nenda taratibu. Usimwambie amekosea, ameshajua, ndiyo maana amerudi kwenye kiti. Mpelekee karatasi na kalamu. Mwombe aandike kwa mkono wake jinsi kazi ilivyofanyika: ndimu ngapi, majivu ya kuni gani, zilikaa muda gani kwenye beseni, rangi ilibadilika lini. Mtu wa tanuru anajua kwamba kila kazi huandikiwa taarifa yake, na iliyoharibika huandikiwa ndefu zaidi, ili wa zamu ya pili asiirudie. Mwambie taarifa hiyo itasomwa na mwalimu anayefundisha watoto. Nadhani ataandika. Akikataa usimlazimishe, andika wewe, na katika barua sema "tulisafisha" bila kumtaja. Aibu yake ni mali yake, si ya kupeleka Mwene-Ditu.

Mwisho wa mwezi nenda mwenyewe kituoni, mchana, umkabidhi Émile kopo mbele ya watu wawili wanaokujua. Sauti ikigoma, mpe tu. Sauti haihitajiki pale.

Imebaki barua, na najua utaketi nayo siku nzima. Tumefundishwa kwamba barua huanza kwa salamu: sisi hatujambo, sijui ninyi, salamu kwa mama watoto, salamu kwa huyu na yule, mpaka ukurasa unakwisha na lile lililokuwa moyoni linabanwa kwenye kona ya chini ambapo mtu analisoma akiwa amechoka. Wewe umefanya hivyo hivyo kwangu. Safari hii geuza. Juu kabisa, kabla ya tarehe ukitaka, andika: "Maître, ulinikabidhi sarafu ishirini na nne, na kumi na moja nimezichuna." Kisha mweleze jinsi gani, kisha ambatisha taarifa ya papa. Salamu ziandike chini kabisa. Akizifikia, atakujibu.

Mama Bénédicte